Israa Si Wetu

Mjukuu wangu Israa anasomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu. Kwa muda mrefu alikuwa akiniambia hana mwalimu, nami simwelewi, maana chuo chenyewe kimejaa walimu. Niliwaona kwa macho yangu siku aliyopokea shahada ya pili, wamejipanga jukwaani na majoho yao kama maharusi. Mimi niliishia darasa la nne. Mwalimu wetu alikuwa mmoja, akitufundisha hesabu, dini na kuimba, na hakuna aliyeuliza nani mwanafunzi wake. Aliyekuwa ndani ya chumba alikuwa wake.

Israa anaandika habari za visima vya hapa kisiwani Amu, namna maji yanavyogeuka ya chumvi mtaa baada ya mtaa. Mwalimu wake wa mwanzo alistaafu akaenda zake kwao. Israa akaipeleka kazi kwa idara ya maji na ardhi, wakamwambia hii ina historia nyingi, nenda kwa watu wa historia. Wa historia wakasema humu mna vipimo vya chumvi, sisi hatuvijui. Wa afya wakasema watoto wanaoharisha ni habari yetu, lakini visima si vyetu.

"Mwisho wa mwezi ukifika sina msimamizi, nafutwa, Bibi," aliniambia. "Miaka yote hii inakuwa bure."

Hapo ndipo alipotokea Profesa Nyaguthii, mwanamke wa ofisi inayoangalia shahada za juu. Yeye alikuwa amepania kuzikalisha idara pamoja, ili watoto wenye masomo kama ya Israa wasomeshwe kwa ushirika badala ya kurushwa huku na huku. Alitaka wakutane mbali na ofisi zao, kila mtu aache mlango wake. Israa akasema nyumba ya bibi yangu ina ukumbi juu. Basi wakaja kwangu.

Walipanda ngazi makundi makundi, kila idara na watu wake. Nikawapelekea kahawa na tangawizi, nikasimama kidogo mlangoni nipate kusikia jambo la mjukuu wangu.

"Mtoto huyu ana akili sana," alikuwa akisema Profesa Ndirangu, mkubwa wa maji na ardhi, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole. "Kazi nzuri kabisa. Ila si wetu."

"Nzuri mno," akadakia Daktari Kamaludin, mkuu wa historia, mtu wa pwani, aliyenishika mkono kwa heshima alipoingia. "Nimeisoma kwa furaha. Lakini si wetu pia."

Kiptoo, mkuu wa afya, akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyefiwa. "Sisi tungempenda. Tatizo ni kwamba si wetu."

Jirani yangu Mwanatumu, aliyekuja kunisaidia kupika, alikuwa nyuma yangu ngazini. Akaninong'oneza, "Shoga, kwetu mtu akisifiwa hivi, ujue posa imekataliwa."

Nikamvuta Israa pembeni. "Wakusifu au wakukataa?"

"Yote mawili, Bibi."

"Kwa pamoja?"

"Ndio chuo hicho." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikiliza. Profesa Nyaguthii anategemea chakula cha mchana. Ukipanga masinia, wachanganye. Wa maji akae na wa historia, wa afya katikati yao. Wakila pamoja watazungumza kama watu. Jioni wanaamua."

Nikamwambia sawa. Akaenda kuswali.

Lakini nilipokuwa nikitandika mikeka, moyo wangu ukakataa. Katika karamu zetu watu wa nyumba moja huketi sinia moja. Ukimtoa mtu kwa nduguze ukamkalisha na wengine, unamwambia mbele za watu kwamba kuna neno baina yake na wenzake. Na hawa ni wageni, ni wakubwa, na jambo la mtoto wangu liko mikononi mwao. Mimi ndiye nianze kuwaaibisha? Nikasema moyoni, Israa amekaa sana bara, adabu ya sinia imemtoka.

"Mwanatumu," nikaita, "wa maji na ardhi waweke karibu na dirisha. Historia pale ukutani. Afya huku."

"Si mtoto amesema wachanganywe?"

"Mtoto hajui. Wataona haya."

Mwanatumu akafikiri. "Kweli. Na yule bibi mkubwa mwenye mkutano?"

Hapo nikakwama. Profesa Nyaguthii hakuwa na idara, alikuja peke yake. Kumkalisha na kundi moja ni kuwaonea wengine. "Atakula nasi jikoni," nikasema. "Ndiyo heshima yake, kama mtu wa nyumbani."

Basi wakashuka, wakanawa, wakaketi. Wali wa nazi ulitoka vizuri, na samaki wa kupaka. Kiptoo aliomba kijiko, akakitazama, kisha akakiweka kando akala kwa mkono kama wenzake. Watu wa kila sinia waliinamiana vichwa, wakazungumza polepole, kwa siri, kama ukoo unaokata shauri. Nikafurahi. Nikasema hawa sasa wanaelewana.

Jikoni Profesa Nyaguthii alikula kwa adabu, akausifu mchuzi, lakini kila mara alikuwa akichungulia mlangoni. "Bi Ummu," akaniuliza, "nyinyi huku huwa mnawapanga wageni hivi?"

"Hivi hivi, mwanangu. Kila mtu na watu wake."

"Aha," akasema. Akaacha kula.

Israa alirudi kutoka kuswali, akasimama kwenye ua, akaona. Aliweka mikono miwili kichwani.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimewaheshimu."

"Walikuja huku ili watoke kwenye idara zao! Nawe umewarudishia idara zao na wali juu!"

Nikataka kumweleza habari ya kuaibisha watu. Nilikuwa nimefanya vema, au nilikuwa nimeharibu? Mpaka leo ukiniuliza nitakwambia wageni hukalishwa vile. Lakini uso wa mtoto yule nao niliuona.

Waliporudi ukumbini nilipanda na sinia la kaimati za sukari, nikabaki mlangoni, siwezi kuingia, siwezi kuondoka.

Ndirangu ndiye aliyeanza. "Sisi wa maji na ardhi tumeshazungumza. Neno letu ni moja: hatuwezi kumchukua."

"Na letu ni hilo hilo," akasema Kamaludin.

"Nasi pia," akasema Kiptoo.

Profesa Nyaguthii akauliza, "Mmezungumza saa ngapi? Asubuhi kila mmoja alikuwa na shaka na mwenzake hata wa idara yake."

"Wakati wa chakula," akajibu Ndirangu. Akanigeukia mimi mlangoni na kuinamisha kichwa. "Bi Ummu ametupa nafasi nzuri sana ya kushauriana. Tunamshukuru."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie na kaimati zangu.

Kisha Israa, aliyekuwa ameketi nyuma akiandika yanayosemwa, akafunga kompyuta yake akasimama.

"Walimu wangu, nimechoka kungoja mwisho wa mwezi. Naomba mnifute leo. Mko hapa nyote. Atakayenifuta atie sahihi nikiona, nami nitajua la kufanya na maisha yangu."

"Israa!" nikasema.

"Niache, Bibi."

Walimu wakatazamana. "Si lazima twende huko," akasema Kamaludin.

"Ni lazima. Nani anatia sahihi?"

Kiptoo akakuna kidevu. "Mwanafunzi hufutwa na mkuu wa idara yake."

"Idara gani?" akauliza Israa.

Nikaona Profesa Nyaguthii ameziba mdomo kwa kiganja, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Haiwezekani," akasema. "Hawezi kufutwa na mtu ambaye hakumpokea. Anayetaka kumwondoa, kwanza amchukue."

Mwanatumu akanigusa ubavuni. "Maana yake nini?"

"Nyamaza. Hata mimi sijui."

Kamaludin akajinyoosha. "Basi nitampokea mimi, tumalize jambo hili."

"Umpokee halafu umfute?" akauliza Ndirangu. Upole wa sauti ulikuwa umepungua. "Au umpokee halafu usimfute, akimaliza ionekane visima vya Amu ni kazi ya historia? Chumvi ile ilipimwa maabara yetu, bwana."

"Na hati za wakfu za visima? Nani alimfundisha kuzisoma? Ninyi mnajua wakfu?"

"Hapana, ngojeni," akasema Kiptoo, akasimama kabisa. "Mnazungumza visima kama kwamba hakuna mtu anayekunywa. Watoto wale kwenye sura yake ya tatu ni wagonjwa wetu!"

"Asubuhi Israa alikuwa si wenu!" akasema Ndirangu.

"Asubuhi ni asubuhi!"

Wakawa wanasema wote kwa pamoja. Niliweka sinia chini. Tangu asubuhi mtoto huyu hakuwa wa mtu, wakimsifu na kumsukuma mlangoni. Sasa wanamvuta watatu kama nguo kwenye mnada, na hakuna kilichobadilika katika kazi yake, hata nukta. Nilitazama nani amekasirika na nani anafurahi, nisiweze kuwatenganisha.

Profesa Nyaguthii akapiga meza. "Vizuri. Mchukueni nyote. Ataandikwa chini ya ofisi yangu, wasimamizi watatu. Kila sura mtaisoma nyote, mtakaa mahali pamoja mmwambie neno moja. Hakuna kumwambia aende kwa mwenzako. Namwongezea mwaka. Nani anakubali?"

Mikono ikapanda polepole, kila mtu akimwangalia mwenzake, maana hakuna aliyetaka wa kwake ubaki chini. Ikapanda yote.

Israa aliketi ghafla.

"Kapata au kakosa?" nikamuuliza Mwanatumu.

"Kapata."

"Alitaka mmoja."

"Kapewa watatu. Sema alhamdulillahi, maswali baadaye."

Nikasema alhamdulillahi, na nikaisema kwa moyo. Lakini kabla hata hawajashuka ngazi, Ndirangu alikuwa ameshamwita Israa amwonyeshe sura ya kwanza. Akasema kurasa hizi za mwanzo zote zitoke, tuanze na maji. Kamaludin akasema Mungu apishe mbali, hizo ndizo roho ya kazi. Kiptoo akauliza mbona watoto hawatajwi mpaka sura ya tatu. Mjukuu wangu amesimama katikati, kalamu mkononi, akimgeukia huyu, akimgeukia yule, anatikisa kichwa akikubaliana na wote.

"Bibi," akaniita kwa sauti ndogo, machozi yamemjaa na meno yote nje, "nifuate la nani?"

Nikamwambia, "Waulize wenyewe, mwanangu. Sasa wewe ni wao."