Kiboko Ndani ya Mfereji wa Pamba

Siku za wiki Kija alikuwa karani wa shule. Jumapili aliwatembeza watu kwa boti kwenye mfereji wa zamani wa pamba, unaokatiza mtaa wa Mkuyuni hadi ziwani. Historia yake aliijua kwa moyo: Waingereza waliuchimbisha ili marobota yatoke kwenye kinu yakapakiwe melini, kinu kilipofungwa ukageuka jalala, mwishowe wakazi wenyewe wakauzibua. Siku hizi kingo zake zina mabenchi na wauza sato wa kukaanga, na maharusi huja kupigia picha.

Jumapili moja ya Aprili, mchana, alikuwa na abiria watatu. Farouk na Najat walikuwa wameoana wiki mbili tu. Wa tatu alikuwa mzee Luhende, mwenye miaka themanini na ushee, aliyeomba kukaa mbele.

"Shikamoo, mzee. Umewahi kupita huku?"

"Marahaba. Nilifanya kazi kinuni," akasema, basi.

Wakaingia kwenye handaki linalopita chini ya barabara kuu na soko. Ni refu kama hatua mia moja, na katikati lina kona. Ukifika hapo huoni ulikotoka wala unakokwenda. Abiria hulipenda. Kija akaanza maelezo yake ya kila wiki.

"Walilichimba kwa miezi kumi na minne, na hakuna hata mtu mmoja aliyeumia."

"Walikufa wanne," Luhende akasema. "Udongo uliwaangukia. Baba yangu alikuwa kati ya waliowafukua."

Kija aliacha kupiga kasia. Papo hapo akasikia kitu kikipumua mbele yao, pumzi nzito, kama gurudumu la lori linalotolewa upepo.

Farouk akawasha taa ya simu. Masikio mawili madogo, macho mawili, na nyuma yake mgongo uliojaza mfereji karibu wote.

"Zima!" Kija akanong'ona. "Zima, ni kiboko!"

Taa ikazimika. Maji yakapanda, yakashuka, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Alikuwa binti wa ziwani. Alijua kiboko akizama hatembei juu, anatembea chini, na boti huigundua kwa kugonga tumbo lake kutoka chini. Kasia likamtoka mkononi. Likaangukia miguuni pake, hakuliokota. Akahisi joto likimshuka mapajani, akaelewa kwamba amejikojolea.

Najat ndiye aliyelishika kasia. "Twende wapi? Mama, twende wapi?" akamuuliza Kija.

Kija akajikunyata sakafuni mwa boti.

"Nyuma kidogo," Luhende akasema polepole. "Ukutani, kulia, kuna ngazi ya chuma. Waliiweka baada ya wale wanne. Papasa."

Najat akapiga kasia mara mbili. Farouk akapapasa ute na matofali, akapapasa tena, mpaka akagusa chuma. Akapanda kwanza ili asukume mfuniko wa juu. Mkewe akamfuata. Luhende akasimama, mkono mmoja tayari kwenye ngazi, akitafuta pa kuweka mguu.

Hapo boti ikainuliwa kutoka chini.

Kija hakuwaza. Alimsukuma mzee pembeni kwa bega, akapanda. Alipanda kama nyani, akilia, na nyuma yake akasikia mbao zikivunjika na mtu akiguna mara moja tu.

Mfuniko ulifunguka katikati ya soko, chini ya meza ya nyanya. Watu walipiga kelele. Farouk alimpita Kija bila kumtazama, akateremka tena ngazini, akarudi amemshika Luhende kwapani. Mzee alikuwa amening'inia kwenye ngazi kwa mikono miwili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umechanika kuanzia goti.

Kiboko alitoka mwenyewe kesho yake alfajiri, akarudi ziwani. Handaki likafungwa. Kamati ya wakazi inayosimamia mfereji ilimpa Kija pole na kumwahidi boti nyingine, akawaambia hapana. Usiku alikuwa anaamka akiisikia ile pumzi. Kilichomwamsha zaidi ni ule mguno.

Wiki ya tatu akaenda kwa Luhende, huko Ilemela, kwenye nyumba iliyo katikati ya mawe. Alimkuta uani, mguu uliofungwa bandeji umewekwa juu ya ndoo.

"Mzee, nilikusukuma."

"Nilijua ni wewe. Najat alikuwa ameshafika juu."

"Nisamehe."

Luhende akautazama mguu wake.

"Niliogopa sana mle ndani," akasema. "Ningekuwa na nguvu zako sijui ningefanya nini. Lakini usinidai msamaha leo, binti. Bado unauma."

Kija akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Akaona birika liko tupu, akaliinua, akaingia jikoni kumchemshia chai.