Insha Iliyobaki Shinyalu

Zuena ndiye aliyeanzisha balaa hili. Tulisoma naye chuo kikuu, chumba kimoja bwenini, yeye wa Matungu na mimi wa Shinyalu, na miaka mitatu tulikesha tukibishana juu ya Vita Baridi. Mwezi uliopita akanipigia simu. "Asalaam aleikum, balozi," akasema, maana ndivyo tulivyoitana siku zile tulipoamini kwamba serikali inatungoja kwa hamu. Amefungua ukurasa mtandaoni wa insha zetu za zamani, za usalama wa kimataifa na sera za mambo ya nje, ili wanafunzi wa sasa wazisome. Zake ameshaziweka. Zangu ziko wapi?

Mimi nafundisha historia siku hizi, nakaa Shieywe. Ubalozi haukuja. Hata hivyo nilivuta boksi kutoka chini ya kitanda, nikakaa sakafuni, na asubuhi nzima ikapita sijanyanyuka. Insha tisa, zote zimejaa wino mwekundu wa baba yangu.

Baba, Mwalimu Shitanda, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na hakukubali kamwe kwamba profesa anaweza kusahihisha peke yake. Kila insha niliyoandika nilimtumia nakala kwa basi. Baada ya wiki mbili ilirudi imechorwachorwa, na alama kati ya ishirini. Hakuwahi kunipa zaidi ya kumi na tano. Kwenye insha ya makombora ya Kuba aliandika pembeni: "Sentensi hii inahitaji mapafu ya kwaya nzima. Kata." Nilicheka, kisha nikalia kidogo, na sioni haya kusema. Nazitamani siku zile mpaka kifua kinauma. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa vizuri Zuena ameshaipokonya, anasoma maneno ya baba kwa sauti nzito ya mwalimu ambaye hajawahi hata kumwona.

Insha ya kumi haikuwemo. Sababu niliijua.

Ilihusu jinsi nchi mbili zinavyoingia vitani bila yeyote kutaka vita. Moja inajilinda, jirani anaona anachokozwa, naye anajilinda zaidi. Profesa alitaka mfano. Wenzangu walitaja mataifa makubwa. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaandika kuhusu ndugu wawili wa Shinyalu, Mkulima A na Mkulima B. A alipanda mkonge mpakani, B akachimba mtaro, A akausogeza mkonge, B akaleta mbwa mkali. Nikahitimisha kwamba A, aliyesoma zaidi, ndiye aliyeanza. Darasani hakuna aliyenishinda. Nikamtumia Mwalimu nakala kama kawaida, na basi lilipokwisha kuondoka ndipo akili ikanirudia. Mkulima A alikuwa yeye. B alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Lihanda.

Insha haikurudi. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Kwenye simu tulizungumza mvua na mahindi tu. Nilipojikaza kuuliza, alisema, "Mambo ya karatasi hayasemwi kwa simu. Njoo nyumbani." Nikaogopa. Pasaka nikabaki chuoni nikisingizia kazi nyingi. Mwezi wa tano moyo wake ukasimama akipalilia maharagwe. Mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Miaka kumi na mitatu nimeamini kwamba baba yangu alikufa akiwa amenikasirikia.

Hasira zangu nikamtwika Lihanda. Kwetu, ndugu waliokosana hawali pamoja mpaka wapatanishwe, na mmoja akifa kabla ya hapo, aliyebaki hagusi chakula cha matanga. Ni mwiko, hata mtoto anaujua. Basi siku ya mazishi nikamwona Lihanda amekaa katikati ya boma letu, anakula obusuma na ingokho, ugali na kuku wa matanga, bila wasiwasi wowote. Sikumsalimu siku ile wala baada ya siku ile. Nilikuwa mkali, hakuna aliyethubutu kunieleza lolote, nami sikuuliza.

Lakini insha ya kumi ndiyo ilikuwa bora kuliko zote, na Zuena hakuniacha nipumue. Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Shinyalu. Nyumba ya baba niliipekua mpaka darini, nikapata vumbi na vitabu vya nyimbo. Nilipotoka, Lihanda alikuwa amesimama kando ya mkonge, mzee sasa, kofia mkononi.

"Unatafuta ile karatasi ya A na B," akasema.

Ameijuaje?

"Iko kwangu. Mwalimu alikuja nayo akakaa hapa hapa, akanisomea yote kwa Kiluhya. Akaniuliza, 'Lihanda, wewe ni nani humu ndani?' Nikamwambia mimi ni B, na huyo mbwa ni Simba wangu. Tulicheka mpaka akakohoa. Kesho yake tukaita wazee, tukachinja kuku, tukakula pamoja." Akaitazama kofia yake. "Wewe ulikuwanga unanipita tu bila salamu. Nikasema wacha, msichana ana uchungu."

Akaingia kwake, akarudi na karatasi imefungwa kwenye plastiki. Ilikuwa insha yangu. Nyuma ya ukurasa wa mwisho baba alikuwa ameandika kwamba mpaka ni hatua kumi na nne kutoka mparachichi hadi mkonge wa kwanza. Chini yake kulikuwa na saini mbili na dole gumba la shahidi. Nikanyoosha mkono niichukue, akaivuta.

"Piga picha. Hii si ya shule tena, ni mkataba wetu. Siwezi kukupatia."

Nikapiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Pale nilipoandika kwamba A ndiye aliyeanza, Mwalimu alikuwa ameandika, "Kweli." Ukurasa wa kwanza, penye alama, niliuacha mpaka mwisho kwa woga. Kumi na tisa kati ya ishirini. Na chini, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, alieleza kwamba amekata alama moja kwa sababu mwandishi hakumuuliza A mwenyewe, na mwandishi akija nyumbani atamrudishia.

Nililia mbele ya Lihanda bila kujificha.

"Ameandika nini hapo?" akauliza. "Hapo hakunisomea."

Nikamsomea. Akavaa kofia, akaivua tena.

"Basi umekuja," akasema, na akamwita mkewe alete maji ya kunawa.