Makofi kwa Aliyekosea

Asubuhi ile, kabla mkaguzi hajaingia, mwalimu wa hesabu aliwaambia wanafunzi wake neno lililomchoma yeye mwenyewe: "Leo hakuna makofi."

Makofi yalikuwa dawa yake. Darasa la sita lilimjia likiwa limekata tamaa, limetukanwa na walimu watatu mpaka likayaamini matusi. Akaanzisha mtindo: anayekosea ubaoni hupigiwa makofi matatu, kwa kuwa amewaonyesha wenzake penye shimo, kisha kosa hufutwa kwa kiganja. Mikono ikaanza kunyooshwa. Mwalimu mkuu hakupendezwa. "Mwalimu, unashangilia ujinga," alimwambia, akamwekea sharti: mkaguzi asiporidhika, Jumatatu darasa anapewa mwingine.

Basi akaificha dawa yake, kwa woga tu.

Sasa mkaguzi alikuwa amejibana kwenye dawati la nyuma, faili wazi mbele yake. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Mwalimu akaandika swali: robo tatu jumlisha sehemu moja ya sita.

"Haya, nani anakuja ubaoni?"

Hakuna mkono. Watoto arobaini walitazama viatu vyao. Akauliza tena, wapi. Hata yule mvulana waliyembandika jina la Redio, anayeongea mpaka usingizini, alikuwa ametia kufuli mdomoni.

Mwalimu akaamua kulifanya swali mwenyewe, haraka, yaishe. Chini akaandika kumi na mbili. Juu akaandika tisa, akajumlisha moja, akapata kumi.

Nyuma yake mtu akavuta pumzi. Akautazama ubao, akaona: ile moja ilipaswa kuwa mbili. Kosa lile lile walilompigia Redio makofi wiki iliyopita. Mkaguzi alikuwa anaandika. Bado angeweza kufuta upesi na kujifanya hakuna lililotokea, na mkono wake ulikuwa umeshainuka.

"Mwalimu, hapo umekosea."

Ilikuwa sauti ya Kivuli, binti wa dawati la dirishani, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kutamka neno darasani. Alisimama, akimtazama mwalimu wake kama anavyotazamwa mtu aliyetoa ahadi.

Mwalimu mkuu akakohoa. Mwalimu aliona aibu, wala si ya lile kosa. Aliona aibu kwamba amewafunga watoto hawa midomo ili ajiokoe yeye. Akaushusha mkono.

"Kweli, mwanangu, nimekosea," alisema. "Haya, nipeni haki yangu."

Wakasita, wakatazamana. Kisha yakaja makofi matatu, darasa zima kwa pamoja, vioo vikatikisika.

"Hayo ni ya nini?" mkaguzi aliuliza.

"Ni ya kosa, bwana. Leo ni langu. Niliwakataza wasipige mbele yako, kwa kuogopa."

"Na huyu binti?"

"Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusema."

Mkaguzi akafunga faili, akamgeukia mwalimu mkuu. "Uliniandikia kwamba darasa hili halifundishiki." Akainuka kutoka dawatini. "Jumatatu wanafunzi wamkute mwalimu huyu huyu."

Kivuli hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshafika ubaoni, anaifuta ile moja ya mwalimu kwa kiganja, na mkono wa pili umeshika chaki.