Gundi ya Kipa

Wiki ile nilikuwa kichekesho cha kila mwenye simu. Klipu ilizunguka kote: mpira unakuja polepole, kipa amegeukia nyuma anatabasamu, mpira unampita katikati ya miguu. Kipa huyo ni mimi. Walioniita Ukuta miaka yote wakaanza kuniita Mlango.

Ambacho hakikusikika ni sauti iliyoniita. Klabu yetu ya wanawake ilikuwa imeajiri afisa masoko, kijana wa simu mbili na maneno kibao, naye akatufundisha kwamba mchezaji wa siku hizi ni mali ya mashabiki hata mechi ikiendelea. Ukiitwa, tazama kamera, tabasamu. Asiyetabasamu alisemwa mbele ya wenzake, kwa hiyo tulirudia mazoezini mpaka shingo zikazoea kugeuka zenyewe. Siku ya mechi alichuchumaa nyuma ya lango langu, akaita, "Ukuta! Huku!" Nikageuka. Jioni yake akaifuta sauti yake, akaipandisha klipu kwenye ukurasa wa klabu yenyewe, na vikatuni vya kucheka juu yake.

Mama ana saluni. Wateja walimwonyesha klipu huku anawasuka.

"Kufungwa ni kufungwa, mwanangu," aliniambia. "Lakini ulikuwa unamchekea nani?"

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia nywele. Tulikatazwa kutoa mambo ya klabu nje, na mimi nilikuwa bado mtiifu.

Kisha ikaja kampuni ya gundi. Eti klipu imewafurahisha, wanataka kutudhamini.

"Dada, nyota yako imewaka," afisa masoko alisema, miguu juu ya meza. "Tunarusha mubashara. Mpira wa kwanza unauacha upite miguuni kama siku ile. Unapaka gundi kwenye glovu. Wa pili unanasa. Watu watakufa kwa kicheko!"

"Na wa kwanza nikiudaka?"

Akaniangalia juu hadi chini. "Wewe?"

Angenitukana ningesamehe. Hilo "wewe" sikulisamehe.

Asubuhi ya kurusha, timu nzima ilikuwa uwanjani, kopo la gundi limewekwa mbele ya lango kama mgeni rasmi. Kepteni ndiye aliyekuwa mpigaji. Akausukuma mpira taratibu, kama alivyoagizwa. Nikauokota.

"Kata!" afisa masoko alipiga kelele.

"Unakata nini, ndugu yangu?" Kepteni akamuuliza. "Si mubashara?"

Akalazimisha cheko, akasema turudie. Kepteni alinitazama, nikatikisa kichwa kwamba sitaki tena mpira laini, naye akanielewa. Safari hii alirudi nyuma hatua kadhaa na kupiga mkwaju wa kweli, pembeni kabisa. Nikaurukia, nikaupangua. Wenzangu wakaanza kupanga mstari bila kuambiwa, kila mmoja na mpira wake, na kila mmoja akapiga kwa nguvu zake zote. Mwingine ulinipita, sikatai. Iliyobaki niliidaka yote. Magoti yalichubuka, mchanga ukajaa mdomoni, na sijawahi kujisikia vizuri namna ile.

Nilipochoka nilikwenda moja kwa moja mbele ya simu.

"Siku ile niligeuka kwa sababu niliitwa," nilisema. "Tumefundishwa kugeuka tukiitwa. Aliyeniita ndiye aliyeshika simu hii. Mama, nilikuwa namchekea huyu."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Lakini alikuwa anaona pia idadi ya watazamaji ikipanda, inapanda tu, na ukurasa wetu haukuwahi kupata watu kama wale. Hakuweza. Akaendelea kujirusha mwenyewe, aibu yake yote, mpaka nilipoondoka.

Mnadhani alikasirika? Alasiri aliniita ofisini meno yote nje.

"Dada, umevunja rekodi! Gundi wamefurahi kupita kiasi. Sasa tunafanya kila wiki: unakuja na hasira, unafichua jambo, unanitukana kidogo. Nitavumilia."

Alikwishaniuza nikichekwa, sasa alitaka kuniuza nikifoka.

"Sifanyi."

"Fikiria mashabiki."

"Wanaotaka kuniona waje uwanjani. Mimi kazi yangu ni kudaka."

Tabasamu likamtoka. "Asiyetaka kuonekana mtandaoni hana haja ya kuonekana uwanjani. Jumamosi utakaa benchi. Nimeshaongea na viongozi."

"Nitakaa," nikasema, na nikaufunga mlango wake kwa kishindo. Nje ndipo machozi yaliponitoka, maana lango lile ndicho kitu pekee ninachokijua.

Jumamosi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kocha alisoma kikosi akiwa ameinamisha macho. Langoni alimtaja kipa wa akiba. Binti huyo ameisubiri nafasi yangu tangu asajiliwe. Haniambii, lakini hata jinsi anavyonifungia glovu unaona anazipima. Nikampa mkono. Hakuupokea.

"Kocha, mimi siwezi," alisema. "Goti."

Afisa masoko, aliyekuwa anapiga picha mlangoni, akashusha simu. "Jana si ulikuwa unaruka vizuri tu?"

"Jana si leo, kaka."

Kocha akakohoa. "Goti lipi?"

Binti akayatazama magoti yake yote mawili, akakunja mikono kifuani.

"Chagua wewe, Kocha."

Kisha Kepteni akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata. Kocha alichukua kalamu, akakata jina moja, akaandika lingine.

"Ukuta," akasema, "vaa."