Bado ya Bi Kulthumu

Pale Narung'ombe, miaka ile matrekta ya Waingereza ya mradi wa karanga yalipokuwa yakinguruma Nachingwea, Bi Kulthumu alijulikana kwa neno moja. Ukimuuliza ugali umeiva, bado. Je, amezeeka? Bado, na meno alikuwa nayo matatu. Mzee Lukumani, mgane wa jirani, alikuwa akimposa kila baada ya mavuno, mwaka wa nne huo, na kila mwaka jibu bado. Wala hakununa. Alisema neno hapana ni mlango uliotiwa komeo, lakini neno bado ni mlango uliorudishwa tu, na mlango uliorudishwa hata mbuzi huufungua.

Mwanne, mkamwana wa Bi Kulthumu, hakuona cha kuchekesha. Mumewe Isihaka alikuwa Nachingwea aking'oa visiki, na chakula chao cha mwaka mzima kilikuwa ndani ya kilindo kimoja cha magome: mbegu ya mahindi iliyosalia baada ya ukame. Mvua ya kwanza iliponyesha, kijiji kizima kikaingia shambani. Bi Kulthumu alisimama katikati ya shamba lake, akachimba tundu kwa kijiti, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa, vidole vilikuwa na vumbi.

"Bado," akasema, akarudi kusuka mkeka.

Lukumani alipita na jembe begani, akauliza kama siku hizi hata Mungu naye anaambiwa bado. Majirani wakacheka. Mwanne aliona aibu. Kesho yake, mama mkwe akiwa kisimani, alichota bakuli mbili za mbegu akapanda nyuma ya mihogo. Mahindi yakaota, tena mazuri. Kisha jua likawaka siku kumi na tisa, na miche ya kijiji kizima ikajikunja kama tumbaku.

Mwanne akapiga magoti, akaungama. Bi Kulthumu hakuinua macho kwenye mkeka.

"Umepanda mistari mingapi?"

"Minne, Mama."

"Una heri, mwanangu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimaliza kilindo. Mama mkwe wangu akanilisha ming'oko ya kuchimba porini mpaka Ramadhani."

Siku ya ishirini mvua ikarudi. Bi Kulthumu akakaa barazani, akamtuma Mwanne akatie mkono yeye. Mwanne akachimba. Unyevu uliishia kwenye kifundo cha mkono. Ng'ambo ya mpaka wa shamba, waliobakiwa na mbegu walikuwa wameshaanza kufukia, na moyo ukamwambia panda, panda. Akavitazama vidole vyake muda mrefu.

"Bado, Mama."

Bi Kulthumu akatabasamu, meno yote matatu nje.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu tope likamfika Mwanne kwenye kiwiko, nao wakapanda mpaka jua likazama. Hata punje moja haikuoza, hata moja haikukauka.

Mbegu kidogo ilibaki. Lukumani akaja na kibakuli kitupu, kofia mkononi, akapewa. Akakohoa, akauliza na lile jambo lake jingine.

Bi Kulthumu akamshika mkono, akaukagua kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama anayepima udongo.

"Bado," akasema.

Lukumani aliondoka akipiga mluzi. Mwanne alikuwa akichungulia mlangoni, akaona kuwa ule mkono ulichelewa kidogo kuachiwa.