Kiboksi cha Bafuni

Kile kiboksi cha ukutani bafuni, kinachotuonyesha maji ya kwenye tangi la paani yamefika wapi na yamepata moto kiasi gani, kilianza kulia pi, pi, pi Jumatatu asubuhi. Nikakizaba kofi. Kikanyamaza, kisha kikaandika kwamba tangi ni tupu, na huku maji yanamwagika toka paani na kulowesha nguo za jirani wa chini. Jirani alinitukana mimi na ukoo wangu wote. Nilimwacha. Siku hizi kitu hakiniingii.

"Mpigie Baotian," mama mkwe alisema toka kitandani. "Atakuelekeza kwa simu."

"Mgodini mtandao hakuna, mama, mpaka Jumapili akitoka."

Baotian, mume wangu, alikuwa amekufa miezi mitatu iliyopita. Moyo ulisimama tu, kule Shanxi alikokwenda kuchimba makaa ya mawe. Kwetu, mtoto akimtangulia mzazi mzee, mzazi haambiwi. Kaka zake walikaa kikao wakaamua: mama ana miaka themanini na sita, habari hii itamuua. Basi nikamzika mume wangu kijijini, nikavua kitambaa cha msiba kwenye ngazi, nikaingia ndani kupika tambi. Kila Jumapili binamu yake hupiga simu akijikohoza: "Mama, mimi Baotian, nina mafua." Mafua gani ya miezi mitatu! Mimi sijalia hata siku moja, maana macho mekundu yangeonekana. Mwanzoni nilijizuia. Sasa hata nikiyataka machozi, hayaji.

Fundi Xing alikuja saa nne. Amekulia pamoja na Baotian, na kaburini alikuwepo. Nikamkaba mlangoni.

"Ulimi ukikuteleza, nakutupa chini toka ghorofa hii ya sita."

"Shemeji, mimi si mtoto mdogo."

Alipanda paani, akarudi na kipimo cha ndani ya tangi kimeganda chokaa nyeupe. "Hiki ndicho kinachokidanganya kiboksi," alisema. "Na kiboksi chenyewe kimeungua. Tunabadilisha vyote."

Akiwa anafunga skrubu, mama akamwita kupitia mlango wa bafuni ulio wazi.

"Xing! Umenenepa wewe!"

"Mama mkubwa, mke wangu ananilisha kama nguruwe wa mwaka mpya."

"Na Baotian? Mnaongea?"

Bisibisi ikamponyoka. "Ee... juzi tu, mama mkubwa. Anakusalimu. Yuko salama kabisa."

"Mwongo tangu utotoni," mama alisema, akacheka kidogo.

Mimi nilisimama na ndoo mkononi, nisijue niiweke wapi. Xing alimaliza haraka haraka, jasho linamtoka.

"Shemeji, kitakuwa kinajaza chenyewe kila jioni. Kijaze tangi zima au nusu? Cha zamani kilikuwa kinajaza zima."

"Zima," nilisema. "La watu watatu. Baotian akija sikukuu akute maji."

"Weka nusu," mama akasema.

Xing akageuka kumtazama, kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Tuko wawili humu ndani. Weka nusu, Xing. Na yule anayekohoa Jumapili mwambieni apumzike. Mwanangu hajawahi kuniita mama kwenye simu hata mara moja. Ananiita bibi kizee."

"Mama, tangu lini umejua?"

"Tangu Jumapili ya kwanza. Nilikuona unavyohangaika kunificha, nikasema, acha anifiche. Akiwa na kazi hiyo, atasimama wima."

Xing akabonyeza mpaka asilimia hamsini. Akachukua mkoba wake akaondoka.

"Haya, Cuiping," mama alisema, akinisogezea nafasi kitandani. "Njoo ulie sasa."

Nikaenda nikaketi kando yake. Nikainama, nikasubiri. Machozi hayakuja. Mama akalia peke yake, nami nikawa namfuta.