Posa Iliyokwama Kwenye Nyasi

Zainab wa mtaa wa Sparkhill, huko ughaibuni, alikuwa jikoni tangu alfajiri: sambusa, vitumbua, na halua ya Zanzibar aliyoificha tangu Idi. Siku hiyo watu wa mtaa wa Northfield walikuwa wanakuja kumposa binti yake Aida, na Aida mwenyewe alimtaka huyo Yasir wao, jambo ambalo si kila mama hubahatika nalo. Kosa alilofanya Zainab ni moja tu: aliiacha televisheni inawaka.

Ilikuwa fainali ya tenisi ya kwenye nyasi, Varga na Delmas. Mumewe, Mselem, alikuwa mtu wa Varga, utadhani wamenyonya ziwa moja. Raketi hajaishika maishani, na nyasi za uani kwake zilifika magotini.

Wageni wakaingia, wakaketi. Baba yake Yasir, Mzee Haroun, akatupa jicho kwenye kioo.

"Leo Delmas atamtia adabu mtu."

Zainab akamwahi kwa sahani ya sambusa.

Mshenga wao akakohoa. "Bismillahi. Ndugu zetu, sisi tumekuja..."

"Sss!" wakamkemea wazee wote wawili. "Anaanzisha mpira!"

Mpira ukaenda, ukarudi. Mshenga akajaribu tena, akanyamazishwa tena. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa. Aida akachungulia mlangoni na Kiingereza chake: wamekuja kuposa, au kwao hawana televisheni?

"Subiri, mwanangu," mama akamnong'oneza. "Baba zako wana kazi."

Delmas akashinda. Haroun akaruka, kisahani cha halua mkononi. "Varga wako kwisha, Mselem! Na wewe vilevile, hata nyasi za uani zimekushinda!"

"Binti yangu haendi kwa watu wasio na haya! Viatu vyenu viko mlangoni."

Kwenye kioo, Varga na Delmas walikuwa wamekumbatiana wavuni, wanacheka. Hakuna aliyewatazama.

Mwenye binti na asikie: posa ikija, chomoa waya wa televisheni kabla hujabandika chai. Aida na Yasir mpaka leo wanangoja wazee wapatane, na wazee wanangoja msimu wa nyasi urudi, Varga alipize. Mselem, kwa uchungu, amefyeka uani kote na kuchora mistari myeupe ya tenisi. Aida huanika nguo hapohapo katikati, shuka alizonunuliwa za harusi, zisije zikaota ukungu kabatini.